Kutazama na Kuhariri Panorama ya HDRI: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Simama ndani ya nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe pale Mikindani, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi kuelekea ghuba. Jicho linaona vyote kwa pamoja: nakshi za fremu ya mlango, vumbi la sakafuni, na maji yanayometa huko nje. Kamera haina uwezo huo. Ukiipima kwa mwanga wa chumbani, mlango unageuka karatasi nyeupe. Ukiipima kwa mwanga wa baharini, chumba kinageuka pango. HDRI (High Dynamic Range Imaging) ni njia ya kuhifadhi mianga yote miwili katika faili moja, na panorama ya HDRI ni ile iliyohifadhi mwanga wa kila upande, nyuzi 360 kuzunguka na nyuzi 180 kutoka utosini hadi chini ya miguu.

Mwongozo huu unaanzia pale ambapo picha zimekwisha kupigwa na kuunganishwa, iwe kwa Hugin, ambayo ni programu ya bure, iwe kwa programu nyingine, au pale ambapo umepakua panorama kutoka tovuti kama Poly Haven, ambayo HDRI zake huruhusiwa kutumiwa na yeyote kwa kazi yoyote. Nimetumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sehemu kubwa kwa sababu haina malipo, na tangu toleo lake la 2.10 la mwaka 2018 inaweza kuhariri picha za biti 32. Wenye Photoshop na Affinity Photo nimewawekea aya yao. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili msomaji asiyatafute asiyaone.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, elewa kwamba unachokiona kwenye skrini si picha yenyewe, bali ni kipande chake tu. Picha ya JPEG hutumia biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256, na mwanga wowote unaozidi ngazi ya juu hukatwa moja kwa moja. HDRI huandika mwanga kwa namba za desimali. Namba 1 ndiyo weupe wa juu kabisa ambao skrini ya kawaida inaweza kuuonyesha, lakini faili huendelea kupanda: ukuta wa chokaa uliopigwa na jua unaweza kuwa 4, mmeto wa maji ukawa 60, na jua lenyewe likawa maelfu mengi. Machoni pako vyote vitatu ni weupe ule ule. Karibu kila kosa linaloharibu HDRI hutokana na mhariri kuiamini skrini na kuzisahau namba.

Hatua ya kwanza: lijue faili lako

HDRI huja hasa kwa aina mbili za faili. Ya kwanza ni ile inayoishia na .hdr, iliyotokana na programu ya Radiance ya Greg Ward. Hii hutumia baiti 4 kwa kila pikseli, tatu za rangi na ya nne ikiwa kipeo ambacho rangi zote tatu hukitumia kwa pamoja. Ndiyo maana faili huwa dogo kiasi na bado hubeba mwanga mkali sana. Ya pili ni .exr, iliyobuniwa na Industrial Light & Magic mwaka 1999 kwa ajili ya sinema na kutolewa kwa umma mwaka 2003. EXR inaweza kuwa ya biti 16 au ya biti 32 kwa kila rangi, na tofauti hiyo ina maana, kwa kuwa ile ya biti 16 haiwezi kuandika namba inayozidi 65,504. Kwa picha ya ndani ya nyumba kiwango hicho kinatosha na kubaki. Kwa picha yenye jua la pwani ndani yake, hakitoshi daima.

Panorama kamili huwa na upana ulio mara mbili ya kimo chake. Panorama ya pikseli 8192 kwa 4096 ina pikseli zaidi ya milioni 33, na ikifunguliwa kwa biti 32 hula takriban megabaiti 400 za RAM kabla hujaongeza tabaka («Layer») hata moja. Tabaka tatu na historia ya kutendua zinaweza kuilemea kompyuta mpakato yenye gigabaiti 4. Ikiwa mashine yako ni ya namna hiyo, fanyia mazoezi nakala ya 4096 kwa 2048, ambayo ni robo ya mzigo huo. Fanya kazi juu ya nakala kila mara, na uihifadhi kama XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, kila baada ya hatua, kwani umeme ukikatika katikati ya kazi programu haitakumbuka ulipofikia.

Hatua ya pili: fungua, kisha hakiki usahihi

Fungua faili ndani ya GIMP, nenda «Image», kisha «Precision», na uthibitishe kwamba imesomeka «32-bit floating point» pamoja na «Linear light». Neno hilo la pili linamaanisha kwamba namba ikiongezeka maradufu, mwanga nao umeongezeka maradufu, yaani stopu moja. Ukikuta 8-bit, usibadilishe kwenda 32 ukidhani umeponya kitu, kwa maana mwanga uliokwisha kukatwa haurudi kwa kubadilisha chombo. Rudi kwenye faili la awali.

Hapo ndipo nilipojikwaa mimi. Nilikuwa na panorama ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, niliyoipiga chini ya matao, mahali ambapo jua huingia kupitia sehemu ya paa iliyobomoka na kutua sakafuni. Nilitaka kuituma kwa simu, nikaibadilisha kuwa biti 8, kisha nikahifadhi juu ya faili lile lile. Kwenye skrini haikuonekana tofauti yoyote. Siku nilipotaka kuitumia kuangazia maumbo ya 3D ya kazi nyingine, nilikuta lile doa la jua limekuwa namba 1 tupu, sawa na ukuta mweupe wa pembeni, na kurudi Kisiwani kwa ajili ya picha moja si safari ya mchana mmoja.

Hatua ya tatu: tazama mwanga kipande kwa kipande

Fungua «Colors», kisha «Exposure». Shusha kitelezi hadi -3 na utazame: chumba kinazama gizani na nje ya mlango panatokea mikoko, ngalawa, upeo wa bahari. Shusha hadi -8, na vitabaki vile tu vyenye mwanga mkali kweli. Sasa panda hadi +4, na pembe za chumba zifunguke. Hapa ndipo utakapoona chengachenga za vivuli, ambazo ni dalili kwamba, kati ya picha zilizounganishwa, hata ile iliyopokea mwanga kwa muda mrefu kuliko zote haikupokea wa kutosha. Ukimaliza kutazama bonyeza «Cancel». Ukibonyeza «OK» umebadilisha namba zenyewe. Katika GIMP 3 unaweza kuliacha badiliko hilo kama kichujio juu ya tabaka na kukizima utakapo, mradi ukumbuke kukiondoa kabla ya kuhifadhi faili la mwisho.

Kuna msaada mwingine ambao wengi hawaufahamu. Ndani ya «View», «Display Filters», kuna «Clip Warning», ambayo hupaka rangi kila pikseli iliyozidi 1 au iliyoshuka chini ya 0. Iwashe mara moja ili upate ramani ya mahali ambapo mwanga umejificha. Sehemu hizo ndizo utakazozihariri kwa tahadhari kubwa zaidi, kwa sababu huzioni.

Hatua ya nne: tazama kama aliyesimama ndani

Panorama iliyolazwa bapa hupotosha: mstari wa dari hupinda, na sakafu huonekana kama zulia lililovutwa. Ili kuitazama kama mtu aliyesimama mahali pale, nenda «Filters», «Map», kisha «Panorama Projection». «Pan» hukugeuza kushoto na kulia, «Tilt» hukuinua na kukuinamisha, na «Zoom» hukusogeza. Zunguka taratibu hadi urudi ulipoanzia. Andika kwenye daftari kila kasoro unayoiona pamoja na namba za Pan na Tilt za mahali hapo, kwa kuwa ukirudi kwenye picha bapa hutazitambua tena. Kisha toka kwa «Cancel».

Hatua ya tano: mshono wa nyuma

Ukingo wa kushoto na wa kulia wa panorama ni mahali pamoja, lakini programu haijui hilo. Ndiyo maana kasoro nyingi hujificha pale, na ndiyo maana pia kila kichujio cha kulainisha au kunoa huacha mstari wa wima mgongoni mwa mtazamaji. Nenda «Layer», «Transform», «Offset». Weka X kuwa nusu ya upana, yaani 4096 kwa picha ya 8192, Y iwe 0, na uchague «Wrap around». Mshono umekuja katikati ya skrini. Urekebishe kwa zana ya kunakili («Clone»), kisha rudia Offset ile ile na picha itarejea kama ilivyokuwa. Zana ya kunakili huhamisha namba halisi, kwa hiyo usichukue sampuli ya anga karibu na jua na kuipaka mbali nalo, hata kama rangi zinaonekana kulingana. Shusha Exposure kwanza ujiridhishe kwamba zinalingana kweli.

Hatua ya sita: chini ya miguu

Miguu ya kamera na kivuli cha mpiga picha hukaa sehemu ya chini kabisa, ambako picha bapa imevutwa mno na huwezi kuhariri moja kwa moja. Tengeneza nakala ya tabaka, fungua Panorama Projection, na usukume Tilt hadi 90 au -90, mpaka uwe unatazama sakafu wima. Kubali kwa «OK»; katika GIMP 3 weka alama kwenye «Merge Filter» ili uweze kupaka juu yake. Sasa sakafu ni sakafu, na zana ya kunakili au ya kuponya («Heal») inafanya kazi kama kwenye picha ya kawaida. Mchanga wa ufuko wa Msimbati ni rahisi sana kwa kazi hii. Mkeka wa ukindu wenye mistari ni mgumu, na heri uutoe kabla ya kupiga.

Ukimaliza, fungua kichujio kile kile, weka namba zile zile za Tilt na Zoom, na uchague «Inverse transform». Tabaka litarudi katika umbo lake la kwanza. Liwekee maski, uache ionekane sehemu uliyoirekebisha tu, kwa sababu kila safari ya kwenda na kurudi hulainisha picha kidogo na hakuna haja ya kulainisha chumba kizima kwa ajili ya miguu mitatu.

Hatua ya saba: jua

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo HDRI nyingi za kwetu huanguka. Duara la jua lina upana wa takriban nusu ya digrii. Kwenye panorama ya 8192, kila digrii ni karibu pikseli 23, kwa hiyo jua lililo karibu na upeo lina upana wa pikseli 12 tu, na likiwa juu nyuzi 60 picha bapa hulivuta hadi karibu pikseli 24 kwa upana. Kidoa hicho hung'aa kuliko anga la buluu mara mamia ya maelfu, yaani kama stopu 18, na siku ya anga safi hutoa mwanga mwingi kuliko anga lote lililobaki. Mtu akipiga kwa kasi za 1/4000, 1/500, 1/60, 1/8 na sekunde 1, ameachanisha stopu tatu kila mara na kupata upana wa stopu 12 zaidi ya uwezo wa picha moja. Chumba amekipata, ghuba ameipata, lakini jua bado linaweza kuwa limekatwa hata kwenye 1/4000, hasa kama hakulipunguza tundu la lenzi.

Ili kulijua hilo, chukua zana ya kupima rangi («Color Picker»), fungua dirisha lake la taarifa, chagua «Pixel», na ubonyeze katikati ya jua. Kisha bonyeza pikseli tatu nne za jirani. Namba zikiwa sawasawa kabisa kama sinia, jua limekatwa. Dalili ya pili utaiona ukiitumia HDRI kuangazia umbo ndani ya Blender, programu ya bure ya 3D: vivuli vitakuwa laini na hafifu kama vya siku ya mawingu, ilhali anga ni buluu.

Jua lililokatwa linaweza kurudishiwa nguvu kwa makadirio. Chagua duara la jua kwa uteuzi wa yai («Ellipse Select»), lainisha kingo kwa pikseli moja au mbili, na uongeze Exposure. Kila nyongeza ya 10 huzidisha mwanga mara 1024. Ongeza kidogo kidogo. Kipimo changu ni kijiti: siku ya kupiga panorama huchomeka kijiti wima kwenye mchanga na kukipiga picha ya kawaida pamoja na kivuli chake. Baadaye hutengeneza kijiti kama hicho ndani ya Blender, hukiangazia kwa HDRI, na kulinganisha weusi wa kivuli na ule wa picha. Kikiwa hafifu, jua halijatosha. Kikiwa cheusi kama wino, nimezidisha. Kwa kazi hii hifadhi EXR ya biti 32 au .hdr, kwa sababu ya ule ukomo wa 65,504.

Kuna jambo la huku kusini ambalo miongozo iliyoandikwa Ulaya hailitaji. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana hupita utosini hasa karibu na tarehe 20 Oktoba, msimu wa korosho ukiwa umeingia, na tena karibu na tarehe 21 Februari. Katika panorama bapa mstari wote wa juu ni nukta moja, utosi wenyewe. Jua likiwa pale halitakuwa duara. Litakuwa utepe mweupe uliotanda upana mzima wa picha. Usilidhanie kuwa kosa na kulifuta. Litazame kwa Panorama Projection ukiwa umeelekea juu, nalo litajikusanya kuwa duara, na ulihariri huko huko kwa njia ya hatua ya sita. Kama una hiari ya kuchagua saa, piga kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri.

Hatua ya nane: rangi

Sahihisha rangi kwa kuzidisha na kugawanya mwanga, si kwa kukunja mistari. «Exposure» na «Color Temperature» zinafaa. «Curves» imeundwa kwa ajili ya mwanga wa 0 hadi 1, kwa hiyo iepuke; na ukitumia «Levels», hakikisha «Clamp output» haijawekewa alama, la sivyo itakata kila kilichozidi 1. Ukuta uliopakwa chokaa ni rejeo zuri la weupe, ilimradi uchague ulio kivulini na usiopokea mwanga uliogonga udongo mwekundu wa uani, kwa kuwa huo hubeba wekundu wake hadi ukutani.

Kwa wenye programu nyingine

Katika Photoshop, picha ya biti 32 huja na kitelezi cha mwanga chini ya dirisha, na menyu ya «View» ina «32-bit Preview Options». Vyote hivyo hubadilisha mwonekano tu, havigusi faili. Zana nyingi zitakuwa zimefifia, na kishawishi ni kushuka hadi biti 16 ili zifunguke. Usishuke. Affinity Photo ina paneli ya «32-bit Preview», na «Equirectangular Projection» yake hukuwezesha kugeuka na kupaka papo hapo ukiwa ndani ya panorama, bila kwenda na kurudi kama tulivyofanya kwa GIMP. Kwa kazi ya sakafu, hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote ninazozifahamu.

Hatua ya tisa: nakala ya kuonyesha watu, na nakala ya kutunza

Simu na mitandao ya kijamii huhitaji JPEG. Tengeneza nakala ya faili zima, kisha ndani ya «Colors», «Tone Mapping» utakuta Reinhard 2005, Mantiuk 2006 na Fattal et al. 2002. Fattal hunoa mno kwa ladha yangu na kuzifanya kuta za mawe zionekane zimekwanguliwa. Mimi huanza na Reinhard. Kagua tena mshono wa nyuma, kwa sababu njia zinazopima mwanga wa jirani hazijui kwamba kingo mbili zinakutana. Baada ya kuhamisha JPEG, iambie mitandao kwamba hii ni panorama ya duara kwa kutumia ExifTool, programu inayoandika taarifa ndani ya faili la picha:

exiftool -ProjectionType=equirectangular ghuba.jpg

Nakala ya kutunza ihamishe kwa «Export As» kama .exr au .hdr, kwa jina jipya. Ifunge, kisha uifungue upya kutoka kwenye diski, maana dirisha ulilokuwa ukifanyia kazi halithibitishi kilichoandikwa. Shusha Exposure hadi -10. Chumba kitoweke, ghuba itoweke, na kibaki kidoa kimoja cheupe kwenye giza, mahali jua lilipokuwa asubuhi ile. Kikiwepo, bonyeza «Cancel», nakili faili kwenye diski ya pili, ndipo ufute nakala za kati.